Filimbi ya Bati Inalia Vizuri? Tujue Kwanza Tunapima Nini

Mpe mpigaji mzoefu filimbi moja ya bati, kisha umpe mwenzake hiyohiyo. Wa kwanza atasema ina sauti tamu, ila noti za juu zinasumbua. Wa pili atasema noti za juu zinatoka zenyewe, tatizo ni za chini: ukizigusa tu zinapasuka. Anayetafuta filimbi yake ya kwanza akiwasikiliza wote wawili anabaki njia panda. Mara nyingi anaishia kuamua kwa bei au kwa rangi, njia mbili mbaya kuliko zote.

Hao wawili hawadanganyi. Kila filimbi ya bati imetengenezwa kwa kukadiria pumzi fulani. Fundi aliponyoosha bomba na kutoboa matundu, kichwani mwake kulikuwa na mpigaji anayepuliza kwa nguvu kiasi fulani. Ukipuliza kama alivyokadiria, chombo kinatulia. Ukipuliza tofauti, chombo kilekile kinaonekana kibovu. Hukumu nyingi tunazozisikia kuhusu filimbi hizi kwa kweli zinapima umbali kati ya pumzi ya msemaji na pumzi aliyoikadiria fundi.

Chombo chenyewe

Filimbi ya bati ni bomba jembamba lenye matundu sita upande wa mbele. Nyuma hakuna tundu la kidole gumba. Juu kuna kichwa chenye mdomo wa kupulizia. Ndiyo filimbi ya muziki wa asili wa Ireland, na ndiyo iliyobeba mtindo wa kwela katika mitaa ya Johannesburg miaka ya 1950. Mwingereza Robert Clarke alianza kuzitengeneza mwaka 1843 kwa bati lililokunjwa, na jina la bati limedumu hata leo ambapo bomba linaweza kuwa la shaba, alumini au plastiki.

Kazi yote iko kichwani. Pumzi inapita kwenye mfereji mwembamba, ambao hapa tutauita njia ya hewa. Chini ya mfereji huo kuna kizibo kinachoelekeza hewa. Hewa ikitoka inavuka pengo la mstatili, yaani dirisha, na kugonga ukingo mwembamba ulio upande wa pili. Inapogonga inayumba, mara inaingia ndani ya bomba, mara inatoka nje, mamia hata maelfu ya mara kwa sekunde. Kuyumba huko ndiko kunakoitikisa hewa iliyomo bombani tukasikia noti.

Mpigaji wa fluti, ile inayoshikwa kwa kulazwa, anaitengeneza njia ya hewa kwa midomo yake: anaibana, anaipanua, anaigeuza pembe. Kwenye filimbi ya bati hayo yote yamekwisha kuamuliwa kiwandani. Mpigaji anabaki na vidole, ulimi na nguvu ya pumzi. Ndiyo maana tofauti ndogo sana katika kichwa, sehemu ya kumi ya milimita kwenye urefu wa dirisha au ukali wa ukingo, inabadilisha tabia ya chombo kizima. Ndiyo maana pia filimbi mbili za kiwanda kimoja, zilizotoka sanduku moja, zinaweza kuwa na tabia mbili.

Filimbi inayouzwa zaidi ni ya D. Ukiziba matundu yote sita unapata D, ambayo kwa kisolfa ni *do*. Ukifungua kuanzia chini, tundu moja baada ya jingine, unapanda *re, mi, fa, so, la, ti*. Halafu unarudia vidole vilevile na kupuliza kwa nguvu zaidi, na kila noti inaruka hadi pacha wake wa juu. Umbali huo kutoka *do* hadi *do* ndio oktavu. Filimbi ya bati inatumia oktavu mbili: *do* ya chini kabisa ni mitetemo 587 hivi kwa sekunde, ya juu kabisa inafika kama 2,349.

Kipimo kimoja zaidi kabla hatujaendelea. Wanamuziki huigawa nusu toni, yaani umbali kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda, katika sehemu 100 na kila sehemu wanaiita senti. Programu ya kutuni kwenye simu ikionyesha noti imeshuka senti 20, ujue imeshuka moja ya tano ya nusu toni. Wengi hawatashtuka wakiisikia peke yake, lakini ikiwekwa sambamba na akodioni inauma.

Kwa nini tuni haiwezi kupimwa bila pumzi

Lawama ya kawaida kuliko zote ni kwamba filimbi fulani haiko kwenye tuni. Na ndiyo lawama inayotolewa kwa ushahidi dhaifu kuliko zote.

Kwenye chombo hiki, ukiongeza pumzi noti inapanda kidogo, ukipunguza inashuka. Kuna eneo la nguvu ambamo noti inakaa kabla haijapasuka na kurukia oktavu ya pili, na ndani ya eneo hilo noti haisimami mahali pamoja. Mwanafunzi mpya kwa kawaida anapuliza kwa woga. Anaogopa kelele, anaogopa majirani, anaogopa ile sauti ya kupasuka. Matokeo yake *do* yake ya chini inashuka, programu inaonyesha mshale upande wa kushoto, na filimbi inahukumiwa. Mpe mtu mwenye kifua kizuri filimbi hiyohiyo, mshale unasimama katikati.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye bomba lililonyooka, lenye upana uleule kutoka juu hadi chini, oktavu ya pili kwa asili huelekea kushuka kidogo ikilinganishwa na ya kwanza. Kinachoirudisha mahali pake ni ile nguvu ya ziada unayotumia kuifikia. Kwa hiyo fundi wa bomba lililonyooka anahesabu kwamba utapuliza oktavu ya juu kwa moyo. Anayejaribu kuinyonga pumzi ili noti za juu zisipige kelele anapata oktavu mbili zisizoelewana, na anailaumu filimbi. Bomba la Clarke wa kwanza lilikuwa na umbo la pia, pana juu na kusinyaa kuelekea chini. Umbo hilo linasaidia kuziweka oktavu pamoja hata kwa pumzi ya upole. Anayependa kupuliza taratibu anaweza kuzipenda filimbi za umbo hilo bila kujua sababu.

Kwa hiyo ukitaka kupima tuni kwa haki, usianze na programu. Anza na *so*, noti ya matundu mawili ya juu yaliyozibwa, ambayo kwa kawaida ni tulivu. Ipulize ndefu, ukiongeza na kupunguza pumzi mpaka usikie inapojaa na kutulia. Ishike hapo ukiwa umefumba macho, ndipo uangalie mshale. Ukipuliza huku unautazama mshale, mwili utaufuata mshale, na utakachokuwa umepima ni utiifu wako.

Ukishajua filimbi inataka pumzi gani kwenye *so*, shuka hadi *do* ya chini kisha uruke hadi *so* ya juu, bila kusahihisha chochote kwa makusudi. Noti zote zikipanda pamoja au kushuka pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, filimbi ni nzima. Kichwa kinahitaji kuvutwa nje kidogo au kusukumwa ndani. Kichwa kikivutwa bomba linarefuka na noti zote zinashuka, kikisukumwa zinapanda. Filimbi nyingi za bei ya chini zinauzwa zikiwa na kichwa cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi. Kukichovya kwenye maji ya moto kwa muda mfupi mara nyingi kunatosha kuilegeza, na baada ya hapo kichwa kinateleza. Noti zikipishana zenyewe kwa zenyewe ndipo tatizo ni la chombo, na hilo halitibiki kwa kuvuta kichwa.

Joto nalo linaingia. Sauti inasafiri kwa kasi zaidi kwenye hewa yenye joto, kwa hiyo noti inapanda kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Filimbi iliyotoka kwenye chumba cha baridi inaweza kuwa chini kwa theluthi ya nusu toni, na baada ya dakika chache za kupulizwa ikapanda yenyewe. Anayepima dakika ya kwanza anapima hali ya hewa.

Halafu kuna *mi* na *ti*. Programu za simu zimewekwa kwa mgawanyo wa kinanda, ambao noti zake zote zimegawanywa kwa umbali sawa. Sikio likiachwa huru, likiisikia *mi* juu ya *do* inayovuma, linaitaka *mi* iwe chini ya ile ya kinanda kwa senti 14 hivi, na *ti* kwa senti 12 hivi. Baadhi ya mafundi wanatuni filimbi zao kuelekea huko kwa makusudi, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyopatana na zumari za mfuko za Ireland, zinazopata hewa kutoka kwenye mfuko na zenye noti inayovuma chini muda wote. Programu itakwambia *mi* imeshuka. Ukipiga peke yako au na zumari za mfuko, itakuwa tamu. Ukipiga na kinanda, itakwaruza. Nionavyo, anayeuza filimbi ana wajibu wa kusema ameituni kwa mgawanyo upi, na wachache wanaosema.

Noti mbili zinazosema ukweli

Kama una dakika mbili tu na filimbi mkononi, zitumie kwenye noti mbili.

Ya kwanza ni *do* ya chini, vidole vyote sita vikiwa vimeziba. Ndiyo inayodai pumzi ndogo zaidi na ndiyo inayopasuka kwa urahisi. Kabla hujaihukumu, hakikisha vidole vyako. Uvujaji mdogo kwenye tundu lolote, hasa la tano na la sita tukihesabu kutoka juu, ambako vidole vinanyooka zaidi, unaifanya noti itoe mlio wa kukwaruza au irukie juu. Ziba kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, kisha ubane kwa nguvu kwa sekunde chache na kuviangalia vidole. Duara kamili la tundu likiwa limejichora kwenye kila kidole, uvujaji haupo. Likiwa nusu duara, umeshajua mkosaji. Filimbi nyingi zimerudishwa dukani kwa kosa la kidole cha pete.

Vidole vikiwa salama, pima ni kiasi gani cha pumzi unaweza kuongeza kwenye *do* hiyo kabla haijaruka. Nafasi ikiwa finyu sana, utakuwa unapiga kwa wasiwasi kila wimbo unaposhuka chini. Nafasi ikiwa kubwa mno, utalipa huko juu, kwa sababu filimbi inayong'ang'ania oktavu ya chini inadai msukumo mkubwa kufika ya pili. Upana wa bomba unaamua sehemu kubwa ya hili. Bomba pana lina chini iliyoshiba na juu inayodai nguvu. Bomba jembamba lina juu nyepesi na chini dhaifu. Hakuna anayepata vyote kikamilifu, na tangazo linaloahidi hivyo lisome kwa tahadhari.

Ya pili ni *ta*, yaani *ti* iliyoshushwa nusu toni, ambayo kwa filimbi ya D ni C ya kawaida. Haina tundu lake. Unaipata kwa kuacha la kwanza wazi, kuziba la pili na la tatu, na kuacha yaliyobaki wazi. Ni vidole vya ujanja, na ufanisi wake unategemea ukubwa wa matundu: matundu yakiwa makubwa sauti inapanda na nguvu inaongezeka, lakini ujanja huu unapungua makali na *ta* inatoka juu kuliko inavyotakiwa. Nyimbo nyingi za Ireland zinaigusa noti hii, kwa hiyo si suala la pembeni. Ikitoka juu, jaribu kuongeza vidole vya chini kimoja kimoja, kwa mfano kuziba pia la nne na la sita, uone kama inatulia. Njia nyingine ni kuliziba nusu tu lile tundu la kwanza na kuacha mengine yote wazi. Inatoa tuni nzuri kwa anayeidhibiti, ila kwenye wimbo wa kasi ni mtihani.

Upinzani: kitu kisichosikika lakini kinachoamua

Baadhi ya sifa za filimbi hazimfikii msikilizaji kabisa. Kubwa kati yake ni upinzani, yaani kiasi ambacho njia ya hewa inairudishia pumzi yako. Kunywa kinywaji kwa mrija mwembamba, kisha kwa mrija mpana, na utakuwa umeshaelewa, isipokuwa hapa hewa inakwenda upande wa pili.

Filimbi yenye upinzani mkubwa inatumia hewa kidogo. Unaweza kupiga sentensi ndefu ya muziki bila kuvuta pumzi, na mabadiliko madogo ya kifua hayaitikisi sana. Yenye upinzani mdogo inakula hewa, lakini inakupa uhuru wa kuichonga noti kwa pumzi. Mtu aliyezoea aina moja akishika nyingine, dakika kumi za kwanza atasema ni mbovu. Hili peke yake linaeleza sehemu nzuri ya ubishi wa wale wapigaji wawili wa mwanzoni.

Wepesi wa kuitika nao unahisiwa kabla ya kusikika. Muziki wa dansi wa Ireland umejaa mapambo: kidole kinanyanyuliwa na kurudi haraka mno kiasi kwamba sikio halisikii noti mpya, linasikia mkato tu. Filimbi nzito kuitika inayameza mapambo hayo. Ipime kwa kuruka *so* ya chini, *so* ya juu, *so* ya chini, mara kadhaa kwa haraka, kwanza kwa ulimi ukisema "tu", kisha bila ulimi. Ikiweza kuruka bila ulimi na bila kutoa mlio wa katikati, ni nyepesi.

Sauti, na hadithi za chuma

Mvumo wa hewa unaosikika pamoja na noti unawatisha wanunuzi wapya. Wanadhani filimbi inavuja. Kumbe ni sehemu ya rangi ya chombo: baadhi ya filimbi, hasa zile za bati lililokunjwa zenye kizibo cha mbao, zina mvumo mwingi na kuna wanaozitafuta kwa sababu hiyohiyo. Nyingine ni safi kama mluzi. Ule mkwaruzo mfupi mwanzoni mwa kila noti nao ni wa kawaida. Unaipa melodi meno, mradi uwe mfupi na usizidi kwenye noti moja kuliko nyingine. Kinachostahili kukutia shaka ni kutofautiana: noti tano safi na ya sita inayofoka.

Kumbuka pia kwamba dirisha liko sentimita chache kutoka kwenye uso wako. Mpigaji anausikia mvumo kuliko mtu yeyote chumbani. Aliyekaa ng'ambo anasikia noti. Mpigaji anayesema "inapuliza sana" na msikilizaji anayesema "mbona ni safi" wanaweza kuwa sahihi kwa pamoja.

Kuhusu ukali wa noti za juu, sikio lenyewe lina mchango. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na noti za mwisho za filimbi ya D zinaingia humo. Hata zikipigwa kwa nguvu ileile ya sauti, zinasikika kali zaidi. Hakuna filimbi ndogo ya D isiyo kali huko juu. Zipo zenye ukali unaovumilika na zenye ukali unaotoboa. Anayetaka upole wa kweli atafute filimbi ya chini, yenye urefu wa karibu sentimita 60, inayolia oktavu nzima chini ya hii. Bernard Overton wa Uingereza aliitengenezea umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kumtengenezea mwanamuziki wa Ireland Finbar Furey. Lakini hicho ni chombo kingine: matundu yamekaa mbali, na kinataka hewa nyingi.

Sasa chuma. Utaambiwa shaba ina joto, alumini ni baridi, mbao ina roho. Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman alichapisha matokeo ya jaribio la fluti tatu zenye vipimo vya ndani vinavyolingana: moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mbao, zote zikiwa na vichwa vya namna moja. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha, na wapigaji walipozishika bila kuziona, nao hawakuweza. Kinachotikisika ni hewa, na hewa inajali umbo la chumba chake. Bomba la shaba na la alumini yakitofautiana sauti, mara nyingi ni kwa sababu yametofautiana upana, unene wa ukuta kwenye matundu, au ulaini wa kingo. Chuma kinabadilisha uzito mkononi, uimara na bei. Hayo ni mambo ya maana, ila si sauti.

Bei nayo inapotosha. Mary Bergin na Micho Russell, majina makubwa ya filimbi ya Ireland, walijulikana wakipiga filimbi za kawaida za kiwandani. Unacholipia kwa fundi wa mkono ni uhakika: kwamba utakayopokea itafanana na ile uliyoisikia, oktavu zitapatana, kichwa kitateleza. Kwenye za kiwandani unabahatisha, na wapigaji wengi huzirekebisha wenyewe. Wanajaza nta laini au udongo wa kubandikia kwenye uwazi ulio chini ya njia ya hewa kichwani, au wanaondoa kijinyuzi cha plastiki kilichobaki kwenye ukingo. Kijinyuzi kimoja kisichoonekana bila kuelekeza kichwa kwenye mwanga kinaweza kuwa ndicho kinachoharibu *do* ya chini.

Ushahidi mzuri kwamba mpigaji ni nusu ya sauti unatoka Afrika Kusini. Wapigaji wa kwela kama Spokes Mashiyane hawakuishika filimbi kama Waireland. Waliiingiza mdomoni kwa pembe, imeinama upande, kichwa kikiwa ndani zaidi kuelekea shavuni, na sauti ikatoka nene, ya kuteleza kati ya noti. Filimbi zilikuwa za kiwandani. Ukisikia rekodi ya kwela kisha ya Ireland bila kuambiwa, ungeapa ni vyombo viwili.

Maji

Filimbi inayoanza kwa uzuri kisha ikakohoa na kufifia baada ya nyimbo mbili imejaa matone. Pumzi ina unyevu, ikigusa njia ya hewa yenye baridi inageuka kuwa maji. Njia nyembamba inaziba upesi zaidi, na vichwa vya chuma vinavyokaa baridi vinasumbua zaidi mwanzoni. Pasha kichwa kwapani au kiganjani kabla ya kuanza. Ikiziba katikati, funika dirisha kwa kidole na upulize kwa nguvu. Haitalia, ila maji yatatoka. Tone la sabuni ya maji lililochanganywa na maji na kuachwa likauke ndani ya njia ya hewa linayafanya matone yatambae badala ya kuganda. Usiingize kitambaa kigumu wala kijiti cha chuma huko, ukingo ukiguswa umeharibika.

Kulinganisha filimbi mbili kwa haki

Mpigaji awe mmoja, wimbo mmoja, chumba kimoja, na filimbi zote ziwe zimepashwa. Msikilizaji akae mita chache na asione. Piga ya kwanza, ya pili, kisha, bila kumwambia, rudia ya pili. Akisema hiyo ya mwisho ni tofauti kabisa na iliyotangulia, umejifunza kitu kuhusu msikilizaji. Chumba chenye kuta ngumu kinazipendelea zote, kwa hiyo usilinganishe ya sebuleni na ya bafuni.

Rekodi ya simu inafaa kwa tuni na kwa usafi wa mapambo, haifai kwa ukubwa wa sauti. Simu nyingi zinainua sauti ndogo na kukandamiza kubwa zenyewe, kwa hiyo filimbi ya kunong'ona na ya kupiga kelele zinatoka sawa. Kipaza sauti kikiwekwa karibu na dirisha kinachukua mvumo ambao hakuna msikilizaji angeusikia.

Kuhusu ukubwa wa sauti, usitafute kubwa kwa kuwa ni kubwa. Anayepiga katikati ya fidla na akodioni anahitaji kusikika. Anayefanya mazoezi usiku anahitaji kinyume chake, na filimbi ya kunong'ona yenye tuni nzuri si duni hata kidogo.

Na ukisikia mtu akitoa hukumu, muulize filimbi ilikuwa ya noti gani. Jina lilelile la mtengenezaji kwenye filimbi ya D na ya B-bapa, yaani B iliyoshushwa nusu toni, linaweza kuwa na tabia zisizofanana, kwa sababu kichwa kimoja wakati mwingine hutumika kwenye mabomba ya urefu tofauti. Muulize pia amezoea kupiga ipi.

Baada ya wiki mbili hivi za kupiga kila siku, pumzi yako itakuwa imekutana na ya fundi, au imekataa. Makosa yatakayobaki baada ya hapo ni ya chombo kweli: oktavu zilizoachana kwa senti 30 au zaidi hata ukipuliza kwa moyo, noti moja inayopishana na majirani zake wote, ufa kwenye kichwa, kizibo kilichohama, au *do* ya chini inayopasuka hata kwa pumzi ya kupoza chai. Hiyo irudishe dukani.